Mji Unaokula Usiku

Katika amri zote zilizotolewa nchini Kenya kwa ajili ya kuzuia maradhi ya korona, hapana iliyougusa mji wa Mombasa mahali pa uchungu kama ile iliyoanza kutekelezwa tarehe 27 Machi 2020, iliyowataka raia wote, isipokuwa wachache waliopewa ruhusa kwa sababu ya kazi zao, wawe wamo majumbani mwao tangu saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Maradhi yale yalikuwa msiba wa haki. Yaliwafisha watu zaidi ya 5,600 katika nchi hii kwa hesabu ya serikali yenyewe, na mwenye insafu hawezi kukana kwamba watawala walikuwa na wajibu wa kuchukua hatua, tena upesi, kabla elimu ya ugonjwa haijatimia. Shitaka langu ni juu ya saa iliyochaguliwa, na juu ya namna ilivyochaguliwa bila ya kuulizwa wale ambao riziki yao yote ilikuwa ndani ya saa hiyo.

Mombasa ni mji wa joto, na watu wake tangu enzi za mababu wameyapanga maisha yao kwa kulifuata jua: mchana ni wa kazi na kivuli, na jioni, joto linapopungua na magharibi ikisha kusaliwa, ndipo watu wanapotoka kula. Kibokoni na Makadara, Majengo na Mwembe Tayari, majiko ya makaa huwashwa ukingoni mwa barabara. Mishkaki hupepewa, viazi karai hutumbukizwa katika mafuta, ukwaju na pilipili huwekwa tayari kwenye mabakuli, na mwenye dele la kahawa tungu hupita akigonganisha vikombe vyake vidogo mpaka afike barazani, ambapo wazee wamekwisha kukaa, kila mmoja mahali pake palipozoeleka. Hata mikahawa mikubwa, yenye viti na mapanka, hupata wateja wake wengi baada ya isha.

Adhaniye kuwa hayo yote ni anasa hajapata kuishi katika chumba kimoja cha kupanga, pamoja na wenziwe watatu, pasipo jiko wala mahali pa kuliweka. Kuli anayetoka zamu bandarini, dereva wa tuktuk, kijana mseja aliyekuja kutoka bara kutafuta kibarua, msafiri anayelisubiri basi la usiku: hawa wote, na ni maelfu, mkahawa ndio jiko lao, ndio meza yao, na aghalabu ndio jamaa zao. Mama wa viazi hujua nani amelipwa wiki hii na nani hajalipwa, naye humwandikia deni katika daftari isiyo na wakili wala riba. Mimi naiona ile daftari kuwa ni miongoni mwa amana kubwa za mji wetu, na sijui benki iliyowahi kumwamini maskini kwa kiasi hicho.

Sasa na tuitazame hesabu ya biashara ile kama mwenyewe aionavyo. Asubuhi hununua viazi, unga, mafuta na makaa, mara nyingi kwa fedha za jana. Baada ya alasiri humenya na kuchemsha. Karibu na magharibi huweka karai motoni. Na mauzo yake, yale yanayorudisha mtaji na kuacha faida ya kulipia kodi ya nyumba na karo ya mtoto, hutokea kati ya saa moja na saa nne za usiku. Amri iliyomfungia saa moja ilimwachia gharama zote na kumwondolea mapato. Nyuma yake walikuwako wengine wasioonekana: mkuna nazi, mchoma mahamri, msichana wa kuosha vyombo, mvuvi, mwenye shamba la minazi. Tena kuanzia tarehe 8 Aprili mipaka ya Mombasa, Kilifi na Kwale ilifungwa kwa wapitao, hata ikiwa mizigo iliruhusiwa, na mpishi aliyekwenda kwao kuwatazama wazazi alikwama huko, ilhali sufuria lake likingoja mjini.

Mwishoni mwa Aprili mikahawa iliruhusiwa kufunguliwa, kwa sharti la wahudumu kupimwa kwanza, meza kutengwa mbalimbali, na milango kufungwa mapema, jua lingali juu. Kwa mkahawa wa maofisini, unaouza chakula cha mchana kwa makarani, ruhusa hiyo ilikuwa ni faraja ya kweli. Kwa anayeuza usiku haikuwa na maana yoyote.

Na majira yenyewe yalikuwa ni ya Ramadhani. Miezi hiyo jua la Mombasa huchwa karibu na saa kumi na mbili na robo, kwa hivyo kati ya tende ya kwanza na kuanza kwa amri palikuwa na robo tatu za saa tu. Misikiti ilikuwa imefungwa, na tarawehe zikasaliwa majumbani. Mwezi ambao kwa desturi ndio mavuno ya mwaka kwa wauza kaimati na sambusa, mkate wa mayai na vitobosha, ambao mapato yake ndiyo yanayonunua nguo za Idi, ulipita mikono yao ikiwa mitupu. Haukufika nusu, tarehe 6 Mei, amri nyingine ikaufunga Mji wa Kale wenyewe: hapana wa kuingia wala wa kutoka, na migahawa yote ya ndani ifungwe. Muda uliotajwa kwanza ulikuwa wa siku 15, ukaongezwa, na Idi ikawakuta watu wangali kizuizini. Hawakufunguliwa mpaka tarehe 6 Juni. Nakubali kwamba maradhi yalikuwa yameshika katika mitaa ile yenye nyumba zilizobanana, lakini hakika hiyo ilikuwa ni sababu ya kuwafikishia chakula na msaada kwa haraka zaidi kuliko wengine, maana aliyefungiwa mlango kwa ajili ya salama ya jirani yake ana haki ya kulishwa na jirani huyo.

Siku hiyohiyo ya 6 Juni saa ya amri ilisogezwa ikawa saa tatu usiku. Ni saa mbili tu zilizoongezwa, na kwa afisa aliyeziandika labda zilikuwa jambo dogo. Lakini ndizo zilizowasha tena majiko mengi yaliyokuwa yamezimika kwa zaidi ya miezi miwili. Kama saa mbili zaweza kuwa tofauti ya kula na kulala njaa, basi ilipasa zipimwe tangu awali kwa uangalifu uleule uliotumika kuwapima wagonjwa.

Jambo jingine lililoniumiza ni sheria iliyotumiwa. Amri ya kutotoka nje ilitolewa chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma, ambayo tuliirithi katika utawala wa kikoloni na iliyotungwa kwa ajili ya fujo na maasi. Na chombo kikishatolewa katika ghala ya polisi, hakika polisi ndio watakaokitumia. Siku ya kwanza kabisa, kivukoni Likoni, watu waliokuwa wakiharakisha kuvuka kabla ya saa moja walipigwa na kurushiwa moshi wa kutoa machozi, wakasongamana na kuangukiana, yaani wakafanywa kutenda lilelile ambalo amri ilikuja kulizuia. Mahakama Kuu, ilipoamua mwezi wa Aprili, ilisema kuwa amri yenyewe ni halali, lakini ikalaani nguvu zilizotumiwa na polisi. Afisa wa afya anayepita vibandani akiwa na sabuni na maelezo angetiiwa zaidi, kwa kuwa wapishi ni watu waliozoea kukaguliwa usafi.

Ama msaada, ulikuja, nami sitaki kuukanusha. Mwenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi alisamehewa kodi yake; kodi ya ongezeko la thamani ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14; na ile ya mauzo ya biashara ndogo kutoka asilimia 3 hadi 1. Lakini msamaha wa kodi ya mshahara humfaa mwenye mshahara, na anayekaanga bajia hana karatasi ya malipo ya kuonyesha. Nafuu ya ongezeko la thamani iliondolewa Januari 2021, ilhali amri ya usiku, ambayo saa zake zilibadilishwa mara kwa mara, iliendelea kuwako mpaka tarehe 20 Oktoba 2021. Jumla yake ni miezi ipatayo 19, na ndani yake mna Ramadhani mbili.

Wako waliorudi, na wako ambao hawakurudi. Mtaji wa karai na gunia la viazi ukishaliwa nyumbani, haujengeki upya kwa sababu tu mlango umefunguliwa. Mtu anaweza kusema kwamba vibanda vingine vimezuka mahali pao, na kwa kutazama barabara tu ni kweli. Lakini madeni yaliyosamehewa, mapishi yaliyochukua miaka kukamilika, na vijana waliokuwa wakijifunza kazi pembeni mwa jiko, hayo hayazuki.

Maradhi mengine yatakuja, na serikali ya kaunti ya Mombasa inaweza kujiandaa tangu sasa. Makarani wa ushuru huwapitia wauzaji wa chakula vibandani mwao, kwa hiyo daftari ya majina na mahali pa kila mmoja haihitaji tume wala wataalamu kutoka mbali. Daftari hiyo iwe ndiyo njia ya kuwafikishia fedha siku milango itakapofungwa, na anayelipa ushuru wakati wa neema atambuliwe kuwa ni mwenye haki wakati wa dhiki. Saa za kufunga zipangwe baada ya kukaa na wapishi na maimamu, tena mwezi wa Ramadhani uwekewe kanuni yake mbali. Na baraza la wawakilishi wa kaunti likutanapo kuijadili bajeti ijayo, liutenge mfuko wa fedha hizo kwa jina lake, wala lisiufiche ndani ya fungu la dharura ambalo mafuriko na moto hulimaliza kabla maradhi hayajafika.