Uzamili wa tiba kwa vitendo: wakishasoma, watamhudumia nani?

Siku hizi ukikaa na vijana waliomaliza chuo kikuu, iwe ni Mvita, Likoni au Malindi, mazungumzo hayachukui muda kabla ya kufika kwenye shahada ya uzamili ya ng'ambo. Zamani ilikuwa ni biashara na uongozi. Sasa zinatajwa fani za afya, na miongoni mwazo iko moja ambayo wengi wetu hatujui hata tuiiteje. Hospitalini wanaiita kwa kifupi, OT. Wenzetu Watanzania wameipa jina zuri zaidi, tiba kwa vitendo, nami nitalitumia hilo.

Nimeona niizungumze leo kwa sababu naona familia zikichanga mamilioni bila kujua hasa zinanunua nini, na kaunti zetu zikikaa kimya kana kwamba haziwahusu.

Kwanza tuelewane kazi yenyewe ni ipi, maana wengi humchanganya mtaalamu huyu na yule wa fizio. Mzee akipigwa na kiharusi, mtu wa fizio hushughulika na msuli na kiungo ili kiweze kusogea tena. Huyu wa tiba kwa vitendo anauliza swali la pili: mkono ukishasogea, utaweza kujifunga kikoi? Utaweza kutawadha? Utamenya muhogo? Mtoto mwenye mtindio wa ubongo atakaaje darasani, atashikaje kalamu, atalishwaje bila kupaliwa? Aliyetoka wadi ya wagonjwa wa akili atarudije kwenye kazi yake na heshima yake? Ni fani iliyokua kwa haraka baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, majeruhi walipokuwa wengi. Kenya tulianza kufundisha watu wetu Nairobi mwaka 1968. Si jambo geni basi, ila halijatufikia vya kutosha.

Hapa nchini njia iliyozoeleka ni diploma ya miaka mitatu ya KMTC. Mimi mwenyewe elimu yangu imeishia diploma, kwa hivyo nisifahamike vibaya: huduma tunazopata Pwani leo zimebebwa mgongoni na watu wa diploma, na wengi wao wana mikono ya dhahabu. Mwaka 2017 Bunge likapitisha sheria ya kusimamia mafunzo, usajili na leseni za wataalamu hawa, na baraza lao likaundwa. Mtu asiyesajiliwa hana ruhusa ya kujiita mtaalamu wa fani hii, hata awe na vyeti vya kufunika ukuta.

Ndipo linapokuja suala la uzamili, na hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa.

Uzamili wa fani hii uko wa aina mbili, na majina yao hufanana mno. Aina ya kwanza ni ule wa kumfanya mtu awe mtaalamu. Kijana ana shahada ya kwanza ya saikolojia, au sosholojia, au sayansi ya michezo, wala hajawahi kumtibu mtu. Anaingia, anasoma kwa muda wa miaka miwili hivi bila mapumziko marefu, anapitia hospitali na shule kwa mafunzo ya vitendo, na akimaliza anastahili kusajiliwa. Uingereza wanayo njia hii, na usajili wao ni kwa baraza linaloitwa HCPC. Marekani wamekwenda mbali zaidi, kwao huwezi kuingia kwenye kazi hii bila uzamili au udaktari wa fani hiyo. Aina ya pili ni uzamili wa mtu ambaye tayari ni mtaalamu, anataka kubobea: tiba ya mkono, watoto, afya ya akili, maradhi ya ubongo. Huu haumfanyi mtu asiye mtaalamu kuwa mtaalamu. Ukimaliza unabaki na shahada nzuri ya kutundika, na hospitalini huingii.

Mpwa wangu, mwana wa dada yangu, ana shahada ya saikolojia, na mwaka jana wakala mmoja wa vyuo vya nje alimletea barua ya kukubaliwa. Dada alikuwa ameshaanza kuzungumza na mnunuzi wa kiwanja. Tulipokaa tukaisoma barua ile neno kwa neno, tukakuta kozi yenyewe ni ya aina ya pili. Wakala hakusema. Alipoulizwa alijibu kwamba "uzamili ni uzamili". Kiwanja kipo bado, alhamdulillahi, na binti angali anatafuta. Lakini najiuliza ni familia ngapi hazikuisoma barua.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, kabla hujatoa hata shilingi ya maombi, uliza chuo chenyewe, si wakala: je, kozi hii inampa mwanafunzi haki ya kusajiliwa? Uliza pia saa za mafunzo ya vitendo. Shirikisho la dunia la wataalamu hawa, lililoundwa mwaka 1952, linataka zisipungue saa 1,000. Kozi ya mtandaoni mtupu isiyokuwa na saa hizo itakuletea matatizo mbele ya baraza lolote, letu likiwamo. Halafu piga hesabu. Mwanafunzi wa nje nchini Uingereza aghalabu hulipa karo isiyopungua pauni 15,000 kwa mwaka, karibu shilingi milioni mbili na nusu, na hapo hajala wala hajalala. Ule msaada wa pauni 5,000 kwa mwaka anaoupata mwanafunzi wa kwao hatausikia. Na tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa kawaida haruhusiwi kwenda na mume wala watoto. Kwa binti wa Kiswahili aliyeolewa, hilo peke yake ni kikao cha wazee.

Sasa nirudi nyumbani, maana hapo ndipo lilipo jambo lenyewe.

Tuseme kijana amepata, amekwenda, amefaulu. Atafanya kazi wapi? Uingereza inawahitaji sana, na nchi hizi mbili zilitiliana saini Julai 2021 kuhusu wahudumu wa afya wa Kenya kwenda kufanya kazi kule. Sina ugomvi na anayetafuta riziki. Watu wa Pwani tumesafiri tangu enzi za majahazi, na fedha zinazotoka Ghuba zimejenga nusu ya nyumba za mtaa wetu. Lakini Pwani ina kaunti 6 na watu wapatao milioni 4.3 kwa sensa ya 2019. Mama wa Kipini au Kinango mwenye mtoto asiyeweza kukaa haisaidii chochote kuambiwa kwamba bingwa kutoka mtaa wa pili yuko Birmingham.

Na hata akirudi, atarudi na nini kichwani? Hili ndilo linalonishughulisha zaidi. Mafunzo ya kule yamejengwa juu ya nyumba ya kule: kitanda kirefu, choo cha kukalia, bafu la kuingia, kisu na uma. Mpeleke mtaalamu huyo Lamu. Atakuta nyumba ya mawe ya ghorofa, daka la ngazi mlangoni, ngazi za ndani nyembamba zenye giza, na kichochoro ambacho punda akipita wewe unajibana ukutani. Kiti cha magurudumu alichofundishwa kukipendekeza kitapita wapi? Chakula kinaliwa mkekani, kwenye sinia. Choo ni cha kuchutama.

Chukua mfano wa mzee aliyepooza upande wa kulia. Mtaalamu asiyetujua atamwambia, kwa nia njema kabisa, atumie mkono wa kushoto kulia. Kwa daftari la hospitali hiyo ni hatua nzuri, mgonjwa anajilisha mwenyewe. Kwa mzee, ni kitu alichowakataza watoto wake maisha yote. Anaacha kula mbele za watu. Baadaye anaacha kula sawasawa. Kwenye faili wanaandika kwamba mgonjwa hana ushirikiano. Mtaalamu anayejua adabu yetu angeanza kwingine: angejaribu kuuamsha mkono wa kulia hata kwa kuusaidia na wa kushoto, angemtafutia kijiko chenye mpini mnene, na angemwomba imamu wa msikiti aje amsomee mzee kwamba mwenye udhuru hana lawama. Vivyo hivyo kwenye udhu na swala. Dini imemruhusu mgonjwa kuswali kwa kukaa, na akishindwa, kwa kulala. Lakini nani atakaa naye amfundishe kutawadha kwa mkono mmoja bila kuanguka kwenye sakafu yenye maji?

Nasema hivyo pia kwa upande wa vifaa. Kushona kofia ya vito, kusuka ukili, kutunga shanga, kukuna nazi juu ya mbuzi: zote hizi ni mazoezi ya vidole, macho na subira ambayo bibi zetu waliyafanya bila kuyaita tiba. Bombolulu, pale Mombasa, watu wenye ulemavu wamekuwa wakifanya kazi za mikono na kuuza tangu 1969. Mtafiti wa uzamili anayetafuta mada haina haja avuke bahari.

Basi tufanyeje? Najua kuna watakaosema Chuo Kikuu cha Pwani au kile cha Ufundi cha Mombasa kifungue kozi ya uzamili kesho. Napenda wazo hilo, lakini kesho haiwezekani. Kozi ya uzamili hutaka wahadhiri wenye udaktari wa fani, na hao hawaoti kama magugu. Majengo tunayo, mahali pa mafunzo ya vitendo pia pako: Hospitali Kuu ya Pwani, Port Reitz yenye wadi ya afya ya akili, Shule ya Tom Mboya ya watoto wenye mtindio wa ubongo. Kilifi watafiti wa KEMRI wamekuwa wakifuatilia tangu miaka ya themanini na mwisho jinsi malaria kali inavyouathiri ubongo wa mtoto. Linalokosekana ni watu wa kufundisha.

Kwa hivyo tuanze na watu 6. Kila kaunti ichague mmoja katika wataalamu wake walioko kazini, aliye na shahada ya fani hii, na kama hana basi imsaidie kwanza kutoka diploma hadi shahada, kisha impeleke kwenye uzamili wa aina ile ya pili. Afrika Kusini wanayo, Cape Town kwa mfano, na gharama ya maisha kule si ya London. Asaini mkataba wa kurudi na kuhudumu miaka kadhaa, na utafiti wake aufanye huku kwetu, kwenye mikeka na vichochoro vyetu. Hao 6 ndio watakaokuja kuwa walimu, na hapo ndipo mpwa wangu na wenzake wenye digrii za saikolojia zilizolala kabatini wangeweza kuingia kwa miaka miwili bila kuuza kiwanja cha mtu.

Fedha? Kaunti zimezoea kugawa basari kidogo kidogo, elfu tano huku, elfu tatu kule, picha zikapigwa. Mapema 2025 tuliona magavana na Msimamizi wa Bajeti wakivutana kama kaunti zina haki ya kutoa basari hizo kabisa, kwa kuwa elimu ya juu ni jukumu la serikali kuu. Afya, hata hivyo, ni jukumu la kaunti bila ubishi. Kumsomesha mfanyakazi wako wa hospitali ni kugharamia afya, na hesabu yake inaweza kukaa kwenye ukurasa wa afya.

Kuna jambo jingine lisilopendeza. Mtaalamu akirudi na uzamili akakuta cheo ni kilekile, mshahara uleule, na chumba chake kimegeuzwa stoo ya magodoro, mkataba ukiisha ataondoka, na mimi sitamlaumu. Nafasi ya kazi iandikwe kabla hajapanda ndege.

Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kila kaunti hutakiwa kuwa umefika bungeni ifikapo tarehe 1 Septemba, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni, japo tangazo hubandikwa mahali ambapo hata anayetafuta halioni. Wewe mwenye mtoto au mzazi anayehitaji huduma hii, nenda. Usiingie na hotuba. Uliza wameidhinisha nafasi ngapi za wataalamu wa tiba kwa vitendo, ngapi zina watu, na ni nani aliyepelekwa kusoma tangu ugatuzi uanze mwaka 2013. Omba majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.