Kukung'uta Zulia si Kulisafisha

Mwandishi aliyedai kwamba zulia likikung'utwa vizuri uani halina tena cha kumdhuru mtu amehesabu vumbi analoliona tu. Pale Mwanga, mjini Kigoma, vumbi la barabarani hutoka kweli kwa fimbo. Lakini mwenye pumu hasumbuliwi na hilo pekee.

Adui mkubwa ni utitiri wa vumbi, mdudu asiyefika nusu milimita, anayekula magamba ya ngozi ya watu na kufyonza unyevu wa hewani. Kinachoamsha mzio zaidi ni kinyesi chake. Anayekung'uta hurusha chembe hizo na kuzivuta mwenyewe puani. Mashine ya kufyonza vumbi nayo, isipokuwa na chujio zuri, huzipuliza tena chumbani, huku utitiri hai ukibaki umeng'ang'ania nyuzi.

Maji yanafaa kuliko fimbo, kwa kuwa protini za kinyesi hicho huyeyuka. Ila zulia zito likifuliwa msimu wa mvua na kurudishwa sebuleni bichi, huota kuvu.

Jua ndilo lililosahauliwa! Mwaka 1994 Tovey na Woolcock, watafiti wa Sydney, Australia, walionyesha kwamba kuanika zulia kwenye jua kali kunaweza kuua utitiri wote, maana hukauka. Kigoma ina jua hilo tele Juni hadi Agosti. Mizoga na vinyesi hubaki, kwa hiyo kufua kunahitajika bado.

Na mwenye mtoto anayebanwa kifua usiku atandike mkeka chumbani mwake. Hufutwa kwa kitambaa chenye maji na kukauka upesi.