Kujaribu Si Kuthibitisha

Nimekuwa kimya kwa siku kadhaa, na sababu yenyewe ni ya aibu. Programu niliyoandika ilimruhusu mteja kutoa pesa zilezile mara mbili. Nilikuwa nimeijaribu karibu mara mia na kila mara ikafaulu. Siku maombi mawili yalipofika kwa pamoja, kila moja lilikuta salio halijaguswa, yote mawili yakalipwa. Lawama ilimwangukia keshia, na nusura afutwe kazi kwa kosa langu.

Wenzangu walinifariji: "Hakuna programu isiyo na kosa, bwana." Usemi huu tunaupenda sana. Mimi sasa naona ni kisingizio tu, na mashahidi wangu ni watu wa reli.

Twende Paris. Mwaka 1989 reli ya RER A, iliyokuwa imefurika abiria, iliwekewa mfumo wa kompyuta uitwao SACEM ili treni zifuatane kwa dakika 2 badala ya dakika 2 na nusu. Sehemu za programu zilizobeba usalama zilithibitishwa kwa hisabati. Mwaka 1998 ikafunguliwa njia ya metro nambari 14, ambayo treni zake hazina dereva. Huko ilitumika mbinu iitwayo B, iliyobuniwa na Mfaransa Jean-Raymond Abrial.

Kwanza unaandika kihisabati sheria isiyofaa kuvunjwa kamwe, mathalani: treni mbili zisiwe katika kipande kimoja cha reli kwa wakati mmoja. Kisha unateremka hatua kwa hatua hadi kwenye programu yenyewe, na kila hatua unathibitisha kuwa sheria ile haijavunjwa. Njia ya 14 ilihitaji uthibitisho wa madai kama 27,800. Mengi yalithibitishwa na kompyuta yenyewe, yaliyobaki wakayamaliza watu. Katika majaribio yaliyofuata, sehemu hiyo haikupatikana na kosa hata moja.

Najua mtaniambia: wewe huendeshi treni! Ni kweli, kazi hii ni ghali na inataka wajuzi. Tena ukiandika sheria yenye kosa, hisabati itakuthibitishia kosa lako bila kulalamika. Ndiyo maana hata watu wa reli bado huzijaribu treni zao relini.

Lakini angalieni: wao hawakuthibitisha kila kitu. Walitenga ile sehemu inayoweza kuua, wakaishughulikia hiyo. Sisi tunaoandika programu za pesa, sehemu inayoweza kumfilisi mtu ni ndogo mno. Kwa nini tunaibahatisha?

Juzi nilichukua TLA+ ya Leslie Lamport, ambayo ni ya bure. Kwa jinsi nilivyoitumia, haifanyi uthibitisho kama ule wa Paris, ila hupitia kila mpangilio wa matukio katika mfano mdogo wa programu yako. Niliandika sheria moja: salio lisishuke chini ya sifuri. Kabla chai haijapoa, ikanionyesha yale maombi mawili yakigongana, hatua kwa hatua.

Elimu hii ilikuwepo kabla sijaingia chuo kikuu. Yule keshia hakustahili kulipia uvivu wangu wa kuitafuta. Nyinyi wenzangu mnaonaje?