Nairobi hadi New York: Kilomita na Saa

Kutoka Nairobi hadi New York ni kilomita zipatazo 11,840 kwa njia iliyo fupi kuliko zote. Ndege ya Boeing 787-8 hukata anga kwa mwendo wa karibu kilomita 900 kwa saa, hivyo hesabu ya haraka inatoa saa 13 na dakika chache. Lakini Kenya Airways ilipoanza kwenda huko moja kwa moja, tarehe 28 Oktoba 2018, ratiba yake ilitenga saa 14. Saa hiyo ya ziada ina sababu zake, na abiria anastahili kuzijua.

Kwanza ni njia yenyewe. Rula ikiwekwa kwenye ramani ya ukutani, mstari unapita Jamhuri ya Afrika ya Kati, Nigeria, Burkina Faso na Mali, kisha unaingia Atlantiki kwa upande wa Mauritania. Mstari huo unadanganya, kwa kuwa dunia ni mviringo. Uzi ukivutwa juu ya tufe kati ya miji hiyo miwili, unapanda kaskazini zaidi: Sudan Kusini, Darfur nchini Sudan, Chad, Niger, Algeria, halafu Morocco. Njia hii inapunguza zaidi ya kilomita 300. Hata hivyo, si kila siku rubani anaweza kuifuata. Vita vilipozuka Sudan mwezi Aprili 2023, anga ya nchi hiyo ilifungwa kwa ndege za abiria, na kila mchepuko hula mafuta na dakika.

Kikubwa zaidi ni upepo. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini, kilomita kumi hivi kutoka ardhini, huvuma mkondo mkali wa hewa kutoka magharibi kwenda mashariki, nao huzidi nguvu majira ya baridi. Ndege iendayo New York hukabiliana nao uso kwa uso. Ukiipunguzia mwendo kwa wastani wa kilomita 50 tu kwa saa, safari inakaribia saa 14. Ukiisukuma kwa kiasi hicho wakati wa kurudi, inashuka hadi saa 12 na nusu.

Nairobi nayo ina ugumu wake. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na injini hupungua nguvu. Ndege iliyosheheni mafuta ya safari ndefu hunufaika sana na ubaridi wa usiku inapopaa.

Tiketi ndiyo inayowachanganya wengi. Ratiba ya mwanzo ilionyesha kuondoka saa 5:25 usiku na kufika saa 12:25 asubuhi, kana kwamba safari ni ya saa saba. Saa hizo ni za miji tofauti: New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa saba majira ya joto, na saa nane majira ya baridi, kwani Marekani hubadili saa na Kenya haibadili.

Kupitia Amsterdam kunaongeza takriban kilomita 700 tu, pungufu ya saa moja angani. Kinachokula muda ni kungoja ndege ya pili uwanjani. Kwa hiyo anayelinganisha nauli asiishie kwenye bei: ahesabu saa zote, tangu kupaa Nairobi hadi kutua New York, na kusubiri kukiwemo.