Jaji wa Kura, na Wewe Uko Wapi?

Vijana wenzangu, mwamjua Carolyn Walker-Diallo? Ni mwanasheria Muislamu wa Brooklyn, New York. Mwaka 2015 aligombea ujaji wa mahakama ya madai ya mji, wakaazi wakamchagua. Desemba hiyo akala kiapo, hijabu kichwani, mkono juu ya Qur'ani. Wapo waliomtukana mitandaoni. Lakini kura zilikuwa zishahesabiwa.

Sisemi na sisi tupigie majaji kura. Jaji wa kura huhitaji pesa za kampeni, na anayemchangia leo huenda kesho akawa na kesi mbele yake. Katiba yetu ya 2010 imeipa kazi hiyo Tume ya Huduma za Mahakama, JSC.

Ila usijidanganye kwamba kwetu kura haimo kabisa. Ndani ya JSC kuna mawakili wawili, mwanamke na mwanamume, waliochaguliwa na mawakili wenzao. Kama wewe si wakili, hapo huna sauti. Na majaji wetu husailiwa hadharani, tena unaweza kutazama kwa simu. Umewahi?

Kila siku barazani twalalamika: dhamana ngumu, vijana wetu wanaozea rumande. Sawa, ni kweli. Lakini yule dada hakuishia kulalamika. Alisoma sheria, kisha akajitokeza.

Basi wewe unayejaza fomu ya chuo mwaka huu, andika sheria. Kiti cha hakimu hakitakufuata barazani.