Wahesabiwe Watoto Kwanza



Wasomaji wapendwa, wengi wetu huku Pwani tuna jamaa katika mitaa ya Eastlands, Nairobi: Majengo ya Pumwani, Eastleigh, Kayole hata Dandora. Juma hili twawazungumzia watoto wa mitaa hiyo, kwani yaliyowafika yatuhusu sote.

Mwaka 2013 Serikali iliahidi kompyuta kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Baada ya mivutano ya zabuni, vifaa vilianza kufika mwaka 2016, navyo vikawa ni vishikwambi. Vifaa zaidi ya 1,000,000 viligawiwa shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Jambo hilo lastahiki shukrani.

Lakini mgawo ule ulihesabu shule za umma, haukuhesabu watoto. Katika Mathare na Korogocho, watoto wengi husoma katika shule ndogo zilizoanzishwa na watu binafsi, vikundi vya mtaa na nyumba za ibada, kwa kuwa shule za umma ni chache. Hao hawakuwamo. Watoto wawili wa ua mmoja, mmoja akashika kifaa, mwenziwe akakisikia kwa jina. Na mtaala wadai ujuzi wa dijitali kwa wote wawili.

Mwezi Machi 2020 shule zilipofungwa, pengo lile liliingia majumbani. Masomo yalipitia redio, televisheni na mtandao. Penye simu moja, simu hiyo ni ya mama, nayo ndiyo riziki yake. Zamu ilipofika, ni mara ngapi binti aliambiwa amngoje kakaye amalize, kisha akaitwa jikoni?

Kifaa cha shule ni amana. Mama, uendapo mkutano wa wazazi, uliza: Vingapi vingali vyafanya kazi? Vyatumika siku gani, au vimefungiwa kabatini? Je, wasichana wana zamu sawa? Na watoto wa shule ndogo ya jirani, hawawezi kukaribishwa japo siku moja kwa juma?

Twaitaka Serikali ihesabu watoto kabla ya kuhesabu shule. Lakini tutadaije uadilifu ambao binti zetu hawauoni nyumbani? Basi zamu ya binti iwe na saa yake, wala isikatizwe na chungu kilicho jikoni.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.