Hewa safi darasani si anasa

Kila jengo la ofisi linalonuiwa kutiwa mitambo ya hewa, pale Upper Hill au Westlands, wahandisi huliuliza maswali manne kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Hewa itaingilia wapi? Itatokea wapi? Kila mtu atapata kiasi gani? Na ni nani atakayevisafisha vichujio? Ni maswali ya kawaida ya kazi hiyo. Dai langu leo ni kwamba maswali hayo yanastahili kuulizwa, tena kwa mkazo zaidi, kuhusu madarasa ya mabati ya Kibera na Kawangware.

Mengi ya madarasa hayo hayana dari. Paa liko karibu na vichwa, dirisha ni dogo na aghalabu liko upande mmoja tu. Jua la Februari likishalichoma bati, joto huwashukia watoto kama lililotoka jikoni. Mwanafunzi akisinzia saa nane mchana hukaripiwa kuwa ni mvivu. Huenda si uvivu. Pumzi tunayoitoa ina takriban asilimia 4 ya kaboni dioksidi, ilhali hewa ya nje ina kama asilimia 0.04 tu. Watoto 50 wakibanana katika chumba kilichofungwa, gesi hiyo hurundikana, na pamoja na joto huwafanya wazito wa kufikiri. Isitoshe, viini vya kifua kikuu husafiri katika hewa hiyo hiyo.

Na tufanye hesabu, kwa kuwa nawaandikia walimu na wanafunzi. Mnamo mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza lita 10 za hewa safi kwa kila mtu kwa kila sekunde katika majengo ya umma. Watoto 50 basi wanahitaji lita 500 kwa sekunde. Darasa lenye urefu wa mita 6, upana wa mita 5 na kimo cha mita 2.5 lina lita 75,000 za hewa. Kwa hivyo hewa yote ya chumba hicho inapaswa kubadilishwa kila baada ya sekunde 150, yaani mara 24 kwa saa. Idadi hiyo hutisha, lakini jawabu lake halitishi. Uwazi wa mita moja mraba, hewa ikipita kwa kasi ya nusu mita kwa sekunde, huingiza lita 500 kamili. Sharti ni moja: pawe na uwazi mwingine wa kadiri hiyo upande wa pili ili hewa itoke.

Wapo watakaosema kwamba tungoje wafadhili watuletee mitambo. Nisingependa tungoje. Katika nchi za baridi kuna chombo kinachopitisha hewa itokayo karibu na hewa iingiayo, zikitenganishwa na bati jembamba au zikipitia gurudumu linalozunguka, ili joto la ile ya kwanza liipashe ile ya pili. Stockholm, wakati nje ni nyuzi 10 chini ya sifuri na ndani ni nyuzi 21, chombo hicho huokoa nishati nyingi. Nairobi tofauti hiyo haipo. Katika darasa la mabati adhuhuri, ndani ndiko kwenye joto zaidi, na chombo hicho kingeturudishia lile joto tunalotaka litoke! Aidha, mji wetu uko takriban mita 1,700 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 15, nayo feni iliyopimwa pwani hupeleka uzito mdogo zaidi wa hewa huku. Juu ya hayo yote kuna bili ya umeme na vichujio.

Wala asidhani mtu kwamba dirisha ni dawa ya maskini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu hospitali 8 za Lima, Peru, ulionyesha kwamba vyumba vilivyofunguliwa madirisha na milango vilibadilisha hewa mara 28 kwa saa, na vile vya mitambo mara 12. Vilivyofanya vyema zaidi vilikuwa vya kizamani, vyenye dari za juu na madirisha makubwa. Harare nako, jengo la Eastgate lililosanifiwa na Mick Pearce na kufunguliwa mwaka 1996 hupozwa kwa hewa ya usiku inayosukumwa na feni, bila viyoyozi vya kawaida. Bati letu haliwezi kuhifadhi ubaridi kama zege la Harare, lakini fundisho ni lile lile: mjenzi aisome kwanza hali ya hewa ya mahali pake.

Najua pingamizi zilizopo, nazo si za upuuzi. Dirisha likifunguliwa huingia vumbi, harufu ya mitaro, moshi wa majiko na kelele za njia, na usiku huingia mwizi. Ndiyo maana napendekeza matundu marefu chini ya ukingo wa paa, pande zote mbili, yenye wavu na nondo. Hewa moto hupanda, hivyo itapata pa kutokea, na mwezi wa Julai madirisha ya chini yanaweza kufungwa, ya juu yakabaki wazi. Dari ikiongezwa, ukali wa bati utapungua. Hiyo ni kazi ya fundi wa jua kali.

Shule zilipofungwa Machi 2020 na kufunguliwa kikamilifu Januari 2021, niliona ndoo za maji zikipangwa malangoni. Matundu ya hewa sikuyaona yakiongezwa. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili ukuta wenyewe ndio unaohitaji kutobolewa. Walimu wawape wanafunzi futi wapime madarasa yao, wapige hesabu niliyoieleza, kisha wazazi, wenye shule na kaunti waonyeshwe jawabu. Anayetoa fedha za kujenga darasa jipya naye aulize yale maswali manne kabla ya kutia sahihi. Mtoto wa Kawangware anavuta pumzi kama yule wa Lavington, ng'ambo tu ya barabara.